Polio Rukwa: maswali ya mlangoni ambayo gari la matangazo halikuyajibu

Mama Zahanati (mleta uzi)
Jumanne 26/9/2023

Wakuu heshima kwenu wote. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Rukwa, kijiji sitakitaja maana nitakuwa nimejitaja mwenyewe. Jumapili tarehe 24 tumemaliza zile siku 4 za matone ya polio nyumba kwa nyumba, tulianza Alhamisi tarehe 21, na mpaka leo miguu inawaka moto. Mnajua kampeni ilikuwa mikoa 6, Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, na lengo lilikuwa watoto 3,250,598. Hizo namba mmeshazisikia redioni. Mi nataka kuongelea maneno, yaani tulichowaambia wazazi na tulichoshindwa kuwaambia, kwasababu naamini kabisa kuna watoto tuliwakosa sio kwa umbali wala kwa chanjo kuisha, tuliwakosa kwa kukosa jibu.

Siku ya kwanza, nyumba kama ya tano hivi, namkuta mama anachambua maharage uani na mtoto yuko pembeni wa miaka mitatu. Nikamsalimia vizuri, nikajieleza, nikatoa kichupa kwenye kiboksi cha baridi. Yule mama hakugomba wala nini, akanyanyuka akaingia ndani akarudi na kadi ya kliniki akaniwekea mapajani. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Matone ya kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, hayo manne. Alafu mwaka jana mlipita Mei, mkapita Septemba, mkapita Desemba, matatu. Akaniambia "Dada, huyu kanywa mara saba, mtoto wangu sio pipa. Kama yale matone yalikuwa mazuri mbona mmerudi, na kama yalikuwa mabovu mbona mlitupa?"

Nikamjibu, "Mama, ni agizo la wizara."

Hilo ndo jibu nililokuwa nalo. Akamshika mtoto mkono wakaingia ndani, na mimi nikaandika kwenye fomu kwamba amekataa. Lakini njia nzima mpaka nyumba ya kumi lile swali linanikaba, maana yule mama hakukataa chanjo jamani, yule mama aliuliza swali, tena la mtu mwenye akili kuliko mimi niliyevaa kizibao.

Semina yetu ilikuwa siku moja. Tulifundishwa kushika kichupa, kuangalia kile kibandiko cha kuonyesha kama joto limeharibu chanjo, kwamba kale kamraba ka ndani kasiwe keusi kama duara lake, kupaka wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kujaza fomu, kuandika nyumba kwa chaki. Sababu ya kurudi tena mwaka huu ilipita kama dakika tano hivi mwishoni wakati watu wanawaza posho. Jioni nikamfuata nesi wetu wa zahanati nikamwambia nieleze taratibu kama unamweleza mtoto, na akanieleza, nami nawaeleza nyie.

Polio ni ndugu watatu, aina ya 1, ya 2 na ya 3. Kinga ya mmoja haikukingi na mwenzake. Zamani matone yalikuwa na wote watatu. Mwaka 2015 ikathibitishwa kwamba yule wa pili wa asili ametokomezwa duniani, kwahiyo Aprili 2016 nchi zote zikamtoa kwenye matone, yakabaki yenye aina ya 1 na ya 3. Mwaka jana tulipita kwasababu ya Malawi, kule Lilongwe Februari 2022 walitangaza mtoto amepooza kwa aina ya 1, kirusi cha asili chenye undugu na cha Pakistan, alafu Msumbiji nao mkoa wa Tete wakapata. Tukachanja kwanza mikoa minne inayopakana na Malawi, kisha nchi nzima. Mwaka huu mtoto aliyepooza ni wa hapa hapa kwetu Sumbawanga, na kirusi chake ni aina ya 2. Kwahiyo yule mtoto wa maharage kanywa mara saba kweli, na katika hizo mara saba matone hayakuwa na aina ya 2 hata mara moja!

Asubuhi yake nikarudi pale kabla ya kwenda popote. Nikamwambia mama jana uliniuliza nikakujibu vibaya, leo nimekuja na jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza "Kumbe ndo maana mnataka na wa darasa la kwanza?" Ndiyo, ndo maana safari hii ilikuwa chini ya miaka 8 na sio chini ya miaka 5, kwasababu waliozaliwa baada ya Aprili 2016 hakuna aliyekutana na aina ya 2 kwenye matone. Kalijua mwenyewe bila mimi kumaliza. Akawaita wote wawili.

Naomba wadau mlioshiriki mikoa mingine mseme na kwenu mliulizwa nini. Na wazazi pia mliokataa, karibuni, sitamtukana mtu hapa.

---

Mwana wa Uvinza

Nakubaliana na wewe kwa 100%. Huku Kigoma gari la matangazo lilipita saa 4 asubuhi mtaani kwetu, sasa saa 4 mtu yuko shamba anaandaa, wengine wako kwenye tanuru la tofali, waliobaki nyumbani ni bibi na watoto. Na gari lenyewe linasema nini? "Mzazi mpeleke mtoto apate chanjo, chanjo ni salama, chanjo ni bure." Sasa nani kauliza bei? Watu wanauliza kwanini tena, kwanini mpaka wa shule, kwanini mikoa hii tu na Dodoma hamna. Lile la mikoa hii tu ndo lilileta maneno mengi kweli, watu wakawa wanasema mbona sisi wa pembezoni ndo wa kujaribiwa. Laiti gari lingesema tu kwamba Burundi walitangaza mlipuko mwezi wa tatu, Kongo ng'ambo ya ziwa wanao miaka na miaka, na sisi ndo tunaopishana nao kwa boti kila siku, mbona mtu wa Kigoma anaelewa hilo bila ramani.

---

Mzee wa Kasanga

Mimi ni mmoja wa waliokataa. Nashukuru umesema hutatukana mtu.

Sikukataa kwa ubishi. Mwaka 2021 tuliambiwa na viongozi wakubwa kabisa kwamba chanjo za korona sio nzuri tusizikimbilie, mwaka huo huo mwezi wa saba tukaambiwa ni nzuri tukachanjwe. Watu wale wale, redio zile zile. Hakuna aliyerudi kutuambia jamani tulikosea pale. Sasa mwaka unaofuata unakuja na matone mlangoni mara tatu, mwaka huu tena, na nikiuliza unaniambia salama. Nilishaambiwa salama na sio salama na mdomo ule ule, nishike lipi?

La pili, kijana wangu kanionyesha kwenye simu kwamba hiki kirusi cha Sumbawanga kimetokana na chanjo yenyewe. Nikamuuliza mchanjaji, akasema huo ni uzushi wa mitandaoni mzee usiusikilize. Naomba nikuulize wewe mama, ni uzushi?

---

Mama Zahanati

Mzee wangu shikamoo. Sio uzushi. Ni kweli, na huyo mwenzangu alikosea kukujibu hivyo, japo namuelewa kwasababu hata sisi kiongozi wetu wa timu alituambia hilo jambo tusiligusie, mtu akiuliza tuseme tu chanjo ni salama. Mimi siku ya pili niliacha kufuata hilo.

Iko hivi mzee. Matone ni kirusi chenyewe cha polio ila kimedhoofishwa. Mtoto akinywa kinakaa tumboni kwake wiki kadhaa, mwili unajifunza kujikinga, na kingine kinatoka kwenye choo. Mahali watoto wengi wamechanjwa kile kinachotoka hakina pa kwenda, kinakufa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa na vyoo ni vya shida, kinatoka kwa huyu kinaingia kwa yule ambaye hana kinga, kinatoka kwake kinaingia kwa mwingine, na kikizunguka hivyo muda mrefu, mwaka na zaidi, kinabadilika kidogo kidogo mpaka kinapata nguvu ya kupoozesha. Hicho ndicho kilichompata mtoto wa Sumbawanga. Kwahiyo ni kweli asili yake ni chanjo, na ni kweli pia kwamba kilipata njia kwasababu kuna watoto wengi hawakuwa na kinga ya aina ya 2. Yote mawili ni kweli kwa pamoja na mtu asikupe nusu.

Na matone ya safari hii ni mapya, yametengenezwa ili kile kirusi kilichodhoofishwa kiwe kigumu zaidi kurudisha nguvu. Sio kwamba hakiwezi kabisa. Burundi na Kongo mwezi wa tatu walikuta vimebadilika hata kutoka kwenye haya mapya. Ila dozi zilizotolewa duniani ni mamia ya mamilioni na hilo limeonekana mara chache sana ukilinganisha na matone ya zamani.

La korona sina cha kukutetea mzee. Uliambiwa hili kisha lile na hakuna aliyekuja kukueleza. Nakuelewa.

---

Abu Salim

Assalaam alaykum. Haya mambo sio mageni duniani. Kano kaskazini ya Nigeria mwaka 2003 masheikh na baadhi ya wanasiasa walisimamisha chanjo ya polio, walisema imetiwa dawa za kuzuia uzazi. Ikakaa bila chanjo karibu mwaka mzima. Kirusi kikatoka Nigeria kikaingia nchi nyingi za Afrika ambazo zilishakuwa safi, kikafika Yemen, kikafika mpaka Indonesia mwaka 2005, nchi iliyokuwa imekaa miaka kumi bila polio.

Lakini nataka muangalie walivyotoka. Kwanza waliwadharau, wakawaita wajinga, haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kwamba waliruhusiwa kuchagua chanjo itoke wapi, wakasema wanataka kutoka nchi ya Kiislamu, ikaletwa ya Indonesia. Na gavana wa Kano mwenyewe, Ibrahim Shekarau, akampa matone mtoto wake mbele za watu. Baadae masultani na maamiri wakaingia mstari wa mbele, imamu anatangaza msikitini, wanawake wa mtaa ule ule ndo wanapita nyumbani kwasababu mwanamume hawezi kuingia ua wa watu. Kirusi cha asili Nigeria cha mwisho kilionekana Borno mwaka 2016, na Agosti 2020 Afrika nzima ikatangazwa haina kirusi cha asili. Miaka kumi na tatu ya kurekebisha uaminifu uliovunjika!

Na kwa taarifa tu, haya matone mapya ya aina ya 2 mliyonywesha Rukwa nayo yanatengenezwa Indonesia, Bandung, kampuni ya Bio Farma. Sijui kwanini hilo halisemwi, maana misikitini nilipopita mimi ndo swali la kwanza.

---

Mzee wa Kasanga

Abu Salim umenena vizuri. Ila na Wazungu nao walichangia. Pakistan si walitumia chanjo kumtafuta Osama?

---

Abu Salim

Ni kweli mzee. Mwaka 2011 Abbottabad, daktari mmoja alitumiwa na majasusi wa Marekani akapita na chanjo ya homa ya ini ili kupata damu za watu wa ile nyumba aliyojificha Osama. Haikuwa polio, lakini waliolipa ni wachanjaji wa polio, wengi wameuawa kule wakiwa na viboksi vyao mikononi, wengi wao akina mama. Nalisema kwa uchungu. Aliyefanya ule mpango aliharibu kazi ya watu wasiomjua kabisa.

---

Mguu wa Kushoto

Habari zenu. Mimi nina polio. Nilizaliwa miaka ya themanini huku huku Ufipa, nikiwa na miaka miwili nilishikwa na homa siku tatu, nikaamka mguu wa kushoto haunyanyuki. Bibi yangu Mungu amrehemu alisema nimetupiwa kitu, wakanipeleka kwa mganga, kisha kwa mwingine, nikachanjwa chale mguu mzima, alama ninazo mpaka leo. Ng'ombe wawili wa babu waliondoka hapo. Hakuna aliyetuambia ni ugonjwa. Nimekuja kujua jina lake nikiwa darasa la tano, kwenye kitabu.

Safari hii mwenyekiti wa kitongoji alikuja akaniomba nizunguke na timu. Nilifikiri usiku mzima. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba sitasimama mlangoni kama sanamu la kutishia ndege shambani, mtu aambiwe "unaona huyu, ukikataa mwanao atakuwa hivi". Mimi ni fundi cherehani, nina mke na watoto watatu wanasoma, sio tishio la mtu. Nikasema nitaongea mwenyewe na nitajibu nitakachoulizwa.

Na mnajua watu waliniuliza nini? Hawakuuliza kuhusu chanjo. Waliniuliza ilianzaje. Uliumwa wapi kwanza, homa ilikuwa siku ngapi, ulilia, mguu ulikuwa unauma au umekufa ganzi, ulitembea lini. Akina mama walikaa chini kabisa wakasikiliza. Nikimaliza kueleza mtu anamuita mwanae mwenyewe, sijamwambia lolote. Nyumba mbili tu zilikataa mpaka mwisho na tuliagana vizuri.

Nawaomba wanaopanga hizi kampeni, sisi tupo, kila wilaya tupo. Msitupige picha tu za mabango. Tupeni nafasi tuongee.

---

Mama Zahanati

Kaka yangu nimesoma nimelia. Asante sana. Tungekuwa na wewe kwenye timu yetu.

---

Bibi Nesi

Wanangu mimi nimestaafu, nilianza kazi wakati polio bado tunaiona wodini. Tanzania mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili alikuwa 1996, kwahiyo mama yeyote wa miaka 25 leo hajawahi kuona mtoto anapooza. Hiyo ndo shida kubwa ya maneno yetu. Sisi zamani hatukuhitaji kueleza, kila mtaa ulikuwa na mtoto anayetambaa. Sasa unamwambia mama amkinge mwanae na kitu ambacho hajawahi kukiona kwa macho yake, wakati hofu ya chanjo anaiona kila siku kwenye simu.

Na ugonjwa wenyewe unajificha. Katika watoto kama 200 wanaoambukizwa anapooza mmoja, wengine wanapata homa tu au hawapati chochote, wanaendelea kucheza na kirusi kinatoka chooni. Kwahiyo mkisikia mtoto mmoja amepooza Sumbawanga msiseme ni mmoja. Yule mmoja anakuambia kuna mamia wamepita nacho. Hili nalo sijalisikia likisemwa redioni na ndo lingejibu lile swali la "mtoto mmoja tu ndo mnahangaika mikoa sita?"

---

Fundi Redio Mbeya

Swali la kitaalamu kidogo kwa mleta uzi. Umesema mtoto wa maharage hajawahi kukutana na aina ya 2. Lakini kwenye kadi si kuna sindano ya polio ya wiki ya 14? Nimesoma kwamba sindano ina aina zote tatu. Sasa matone ya nini tena?

---

Mama Zahanati

Umenikamata vizuri fundi, ndo maana nikasema matone, sikusema kinga yote. Sindano ilianza kwetu 2018 na ina aina zote tatu ni kweli. Kwahiyo mtoto wa 2016 na 2017 wengi wao hawana hata hiyo. Na nilivyoelezwa na nesi, sindano inalinda mishipa ya fahamu, mtoto asipooze, lakini tumboni hailindi sana, kirusi kinaweza kuingia kikakaa kikatoka chooni kikaenda kwa mtoto wa jirani ambaye hana kitu. Matone yanafunga tumbo lenyewe. Sindano ni kwa ajili ya mwanao, matone ni kwa ajili ya mwanao na wa jirani. Nilivyoisema hivyo mlangoni watu walielewa.

Ngoja niseme na la wafugaji maana limenikaa rohoni. Bonde la Ziwa Rukwa kuna Wasukuma wengi wamehamia na mifugo, maboma yako mbali na mbali, na wanahama. Gari halifiki kule. Tangazo ni la Kiswahili cha kwenye karatasi, bibi aliyebaki na wajukuu anaongea Kisukuma. Tulifika boma moja watoto tisa, tisa, hakuna hata mmoja mwenye kadi. Sio kwamba wamekataa chanjo, hakuna aliyewahi kufika! Mwenzangu mmoja anaongea Kisukuma, akaongea na mzee wa boma kama dakika arobaini, wakaongelea ng'ombe, malisho, mvua, mwisho wakafika kwenye matone. Mzee akasema mngekuja siku ya mnada tungekuwa wote pale. Siku ya mnada! Kitu rahisi hivyo, na hakikuwa kwenye ramani yetu ya kazi.

---

Mkaazi wa Kamukunji

Salamu kutoka Nairobi. Sisi tulipitia haya mwaka wa 2018, kirusi cha aina ya 2 kilipatikana kwa maji taka hapa Eastleigh, hakuna mtoto aliyekuwa amepooza. Hebu fikiria kumwambia mzazi leta mtoto kwa sababu ya kitu kilichopatikana kwa mtaro. Wengi walituuliza, mgonjwa yuko wapi? Na kabla ya hapo, 2015, maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wamewaambia waumini wasusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe, hiyo ikitokana na ule mzozo wa 2014 ambapo walidai chanjo ya pepopunda ina dawa ya kuzuia uzazi. Serikali ikasema ni salama, maaskofu wakasema hapana, na mama wa kawaida alisimama katikati amebeba mtoto. Kile mimi niliona kilisaidia mtaani kwetu ni akina mama wa Kisomali wenyewe kwenda kwa wenzao, kwa lugha yao, jioni baada ya swala, bila gari, bila fulana. Mwaka huu tena Garissa, kambi ya wakimbizi ya Hagadera, tumerudi pale pale na kampeni.

---

Katumba95

Samahani wakuu nakatisha mada. Nimesoma huu uzi wote leo na kuna kitu kimenishtua. Niko Katavi. Jirani yangu ana mtoto wa miaka minne, Ijumaa aliumwa homa, Jumapili asubuhi mguu mmoja hautaki kusimama, ukimuinua unaning'inia tu kama kitambaa. Bibi yake anasema ni mambo ya watu, kesho asubuhi wanampeleka kwa mtaalamu wa kienyeji Mpanda Ndogo. Mimi sio ndugu, nifanyeje? Naogopa kuonekana nawaingilia.

---

Mama Zahanati

Katumba tafadhali usilale kwanza nisome.

Inaweza isiwe polio kabisa, kuna mambo mengi yanafanya hivyo, hata sindano iliyochomwa vibaya. Lakini mtoto yeyote chini ya miaka 15 ambaye kiungo kimelegea ghafla anatakiwa atolewe taarifa, yeyote, hata kama alichanjwa. Wanachukua choo chake mara mbili, kwa kupishana masaa 24, na ni lazima iwe ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, baadae kirusi kinaanza kupungua chooni na jibu linapotea. Choo kinawekwa kwenye baridi kinasafirishwa mpaka maabara Entebbe Uganda. Hakuna gharama.

Usiende kugombana na bibi. Usimwambie mganga ni uongo, hapo utafungiwa mlango kama mimi na "agizo la wizara" langu. Nenda usiku huu huu msalimie vizuri, muulize mtoto anaendeleaje, alafu mwambie bibi kuna watu wa zahanati wanataka kuja kumuona mtoto hapa hapa nyumbani, hawatamtoa, hawatamzuia kwenda popote anapotaka kwenda. Hiyo ni kweli, huhitaji kudanganya. Na wewe sasa hivi mpigie mtendaji wa kijiji au mganga mfawidhi wa zahanati yenu, yule ana namba ya mtu wa wilaya. Ukikwama nitumie ujumbe pembeni.

---

Bibi Nesi

Mwanangu Katumba, ongeza hili. Mwambie bibi mtoto asichomwe sindano yoyote ya msuli kwa sasa na mguu usikandwe kwa nguvu wala kuchanjwa chale. Na angalia sana anavyopumua. Akianza kupumua kwa shida ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana.

---

Mguu wa Kushoto

Katumba, kama bibi anasita, mpe simu niongee naye. Nipo mpaka saa yoyote.

---

Mzee wa Kasanga

Nimefuatilia. Mama Zahanati, hawa wajukuu wangu wawili, mmoja miaka sita mmoja minne, timu ilishapita ikaondoka. Bado naweza kuwapeleka zahanati?

---

Mama Zahanati

Mzee wangu nenda zahanati kesho asubuhi, beba na kadi zao. Waambie uliwakosesha siku za kampeni, wasikuone vibaya, na wakikuambia matone ya kampeni yamerudishwa wilayani waombe waandike majina ili raundi ijayo waanzie kwako. Na sindano kama haijaandikwa kwenye kadi waulizie hapo hapo. Ukifika uniambie walikupokeaje.

---

Katumba95
Jumatano 27/9/2023

Niliongea na bibi jana usiku, alikuwa mkali mwanzoni, nikampa simu akaongea na Mguu wa Kushoto karibu nusu saa, sijui walichoongea ila alinirudishia simu akanyamaza, akaniambia waje asubuhi kabla hatujatoka.

Wamekuja saa 3 na pikipiki, nesi mmoja na bwana mmoja wa wilaya. Wamemuangalia mtoto miguu yote, wamemgonga magoti, wameuliza siku na tarehe wakaandika. Sampuli ya kwanza imechukuliwa leo, wameacha kikopo, ya pili kesho saa hizi hizi. Bibi kawakaribisha uji.

Safari ya Mpanda Ndogo ameiahirisha mpaka kesho kutwa.